Dazeni ya Shupaza

Nyumbani kwa Mama,
Mohoro, Rufiji.
Jumamosi, 3 Mei 2025.

Mpendwa Kaka Abdulrazaq,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, kaka yangu. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na wifi na watoto, na joto la Maskati liwe halijaanza kuwatesa. Siti aliniambia kwenye simu kwamba jicho la kulia bado lina ukungu na daktari amekukataza kuendesha gari. Pole sana. Ninaandika herufi kubwa kubwa, lakini najua Siti ndiye atakayekusomea, na nafurahi iwe hivyo. Siti mwanangu, shangazi yako anakubusu. Msomee baba yako polepole, na usiruke mstari hata mmoja, hata akikuambia uruke.

Huku hatujambo. Mama yupo. Mkono wa kushoto bado haufanyi kazi, miguu ni ile ile, na maneno yanamtoka mawili matatu kwa siku. Lakini masikio, loo! Masikio yamezidi kuwa makali. Anakula uji wa mchele na samaki niliyemtoa miiba. Juzi alinirudishia bakuli kwa sababu chumvi ilikuwa ndogo, nami nikafurahi, maana mtu anayerudisha bakuli bado yupo nasi sana.

Mimi nami ni mzima, isipokuwa mgongo. Ni ile kazi ya kumgeuza Mama kila baada ya saa tatu asipate vidonda. Mwaka wa sita huu.

Utajiuliza siku hizi nani anaandika barua. Tangu mwezi wa Rajabu nimekutumia ujumbe mara tisa kwenye simu, na mara zote tisa tiki zimegeuka bluu. Nikikupigia uko msikitini, au uko barabarani, au mtandao mbovu. Barabarani na jicho hilo? Haya. Barua hii anakuja nayo Shamsia, binti wa marehemu mjomba, aliyepata kazi huko, na nimemwapisha asimpe mtu mwingine ila Siti. Karatasi haina kitufe cha kuzimia.

Mvua za mwaka huu si haba. Wiki iliyopita barabara ya Kibiti ilikatika siku mbili, maji yakafika kizingiti cha mlango wa uani yakasimama hapo. Si kama mwaka jana. Mwaka jana yalifika madirishani, na unajua nani alimtoa Mama ndani. Au hukuambiwa? Basi nakuambia mimi. Alimtoa Bwanaheri, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Alimbeba mgongoni mpaka shuleni, maji yakiwa kifuani, na njia nzima Mama anampiga vibao vya kichwa kwa ule mkono mzima kwa sababu kuku wake ameachwa. Akamfikisha, kisha akarudi kumfuata kuku. Ndugu yetu Iddy alikuja siku ya tano, akapiga picha, akaenda zake.

Mwezi wa nane mwaka huo huo Bwanaheri alileta posa yangu. Aliileta kwa adabu zote, na wazee wawili, na barua iliyoandikwa vizuri. Iddy akaipokea kwa niaba ya nyumba, kwa kuwa ni mtoto wa kiume wa Baba ingawa ni wa mama mdogo, na wewe uko mbali. Akala vitumbua vyangu vyote, akasema jibu litatoka. Hilo jibu nalisubiri mpaka leo.

Kaka, nina miaka hamsini na minne. Mume wangu Kondo alifariki miaka saba iliyopita, watoto sikujaaliwa. Ukiacha siku za mafuriko, sijalala nje ya nyumba hii tangu Mama aanguke. Harusi ya Ruaruke sikwenda. Msiba wa Mbwara nilikwenda, nikamkuta marehemu anatolewa, nikarudi kabla hawajamaliza kufukia, maana jirani niliyemwachia Mama alikuwa na watoto wake wa kupikia. Wewe ulipomaliza shule ulikwenda Dar, ukaenda Maskati. Iddy yuko Kibiti na wake wawili. Mimi naujua ufa wa dari ya chumba cha Mama kuliko ninavyoujua uso wangu. Nimefungwa, kaka. Sisemi kwa kulalamika, nasema ulijue neno lenyewe.

Sasa nikupe kisa cha karata, na usicheke mapema.

Siti, kwa kuwa hukukulia huku, nikueleze kidogo. Marehemu babu yako alikuwa mpishi wa wageni waliokuja kupima mto. Wageni wale jioni walicheza mchezo uitwao briji, wa watu wanne, wawili kwa wawili. Mmoja wao alipoumwa malaria walimwita babu yako akae nafasi yake kwa wiki mbili, na wiki mbili zilipokwisha anawashinda. Akaja kutufundisha baba yako na mimi hapa hapa barazani. Karata ni za aina nne, shupaza, kopa, uru na pau, kila aina kubwa yake ni ree, kisha mfalme, bibi na ghulamu, na kila mtu anapata karata kumi na tatu. Kwanza mnatangaza, mithili ya mnada: turufu itakuwa ipi, na mtakula raundi ngapi kati ya kumi na tatu. Aliyeshinda mnada anacheza. Mwenzake analaza karata zake mezani, wazi, kila mtu azione, kisha anafunga mdomo mpaka mwisho, na yule mchezaji anacheza mikono yote miwili.

Huyo aliyelaza karata babu yako alikuwa akimwita maiti, ndivyo alivyolifasiri neno la wale wageni. Mama alisikia mara moja tu akatoka jikoni na mwiko. Barazani kwake hapalazwi maiti! Akasema aitwe msafiri, kwa kuwa ameondoka na kuacha vitu vyake. Na mtu akitangaza kula raundi kumi na mbili, ambako ni kujitia kitanzi maana unaruhusiwa kupoteza moja tu, Baba aliita dazeni. Basi kwetu ndiyo hivyo, msafiri na dazeni, na sijui kama duniani kuna wengine wanaosema hivyo.

Kaka, unakumbuka ulipopanda gari mwaka tisini na nne, Mama alivyosema msafiri wetu leo kasafiri kweli? Sote tulicheka. Tangu siku hiyo mimi nacheza mikono miwili, wa kwangu na wa kwako.

Jumamosi iliyopita, baada ya adhuhuri, mvua inanyesha na barabara imekatika, Iddy alikuwa amekwama hapa. Alikuja kumtazama Mama kwa nusu saa, maji yakamfungia. Bwanaheri naye alikuwepo, amekuja kuinua kitanda cha Mama kwa matofali. Wa nne ni Mwalimu Deusdedit, mtu wa Kigoma anayepanga chumba cha mbele. Nilimfundisha mimi, anacheza kwa uoga lakini kwa haki. Tukatandika mkeka, Iddy na Mwalimu upande mmoja, mimi na Fundi upande mwingine.

Nikamuuliza Iddy mbele yao, jibu la posa liko wapi? Iddy akacheka kile kicheko chake. Akasema, "Haya dada, leo tangaza dazeni. Ukiila, Ijumaa ijayo nakuoza mwenyewe. Ukianguka, posa irudi ilikotoka na nisisikie tena."

Bwanaheri akainuka. Akasema yeye hakuja kuchezea mwanamke karata. Nikamwambia, "Kaa, Fundi. Miezi tisa nimekaa mimi." Akakaa. Najua si jambo zuri, na Sheikh Saidy ameshanisomea somo lake, usinirudie na lako. Lakini ulishawahi kugonga mlango miezi tisa?

Dazeni haitangazwi kwa hasira, inataka karata. Migao saba ikapita ya ovyo ovyo. Wa nane Iddy akagawa, nikaziokota moja moja. Iddy, kwa ile tabia yake ya kusema kabla hajafikiri, akatangaza uru, raundi saba. Fundi akapita. Mwalimu akapita. Nikasema, "Shupaza, dazeni."

Ndani, kitanda cha Mama kikalia, ameshageuza kichwa asikilize.

Kaka, chukua karata zako uzipange mezani, Siti akusaidie. Mimi nilikuwa na shupaza sita, kuanzia ree, mfalme, bibi na ghulamu. Kopa nina ree na ndogo moja. Uru nina ree na bibi. Pau nina ree na ndogo mbili. Iddy, aliyekaa kushotoni kwangu, akaanza kwa kutoa bibi wa pau. Ndipo Fundi akalaza za kwake: shupaza nne, mfalme wa kopa na ndogo mbili, mfalme wa pau na ndogo mbili, na uru tatu za kutupa tu. Akafunga mdomo. Nimemwona mtu huyu akibishana na mashine ya dizeli siku nzima, lakini siku ile alikaa hivi, mikono kifuani, midomo imeingia ndani.

Mkono wangu ulikuwa umeshakwenda kwenye ree. Nikausikia mdomo wa Baba: mikono magotini! Unakumbuka? Msafiri akishalaza, hugusi karata mpaka mikono yako yote miwili iko magotini na umehesabu mwanzo mpaka mwisho. Nikaweka mikono magotini. Iddy akaniambia nimeanza kuswali.

Nikahesabu. Shupaza zinanipa raundi sita. Kopa mbili, ree na mfalme. Pau mbili, vile vile. Uru moja, ree. Kumi na moja. Nikahesabu tena kwa kurudi nyuma, kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuwepo.

Mashimo ni mawili. Ile pau ya tatu lazima wataila wao, haina mlinzi. Na bibi wangu wa uru anaogopa mfalme wa uru. Nikipoteza moja, nimeolewa. Nikipoteza zote mbili, nimebaki na ufa wa dari.

Mtu asiye na subira angecheza uru kutoka mezani na kumtoa bibi, akiomba mfalme awe kwa Mwalimu, kuliani, afe kimya. Lakini Iddy ndiye aliyetangaza uru! Iddy hatangazi jina la kitu asichokuwa na mfalme wake. Mfalme yuko kushotoni, anamngoja bibi wangu apite mlangoni. Njia hiyo nikaifunga kichwani.

Basi nikakaa. Mvua inapiga bati, Iddy anapiga vidole kwenye mkeka, mimi nimebanwa na karata ishirini na sita ambazo zote naziona na hazitoshi. Nilikaribia kulia, wallahi. Kisha nikamtazama tena yule bibi wa pau aliyeanza naye. Baba alitufundisha kuanza na bibi endapo ghulamu yuko nyuma yake, na Iddy ni mwanafunzi wa Baba kama sisi. Kumbe pau ya tatu itakuwa ya Iddy, si ya Mwalimu. Ile raundi moja niliyoruhusiwa kupoteza naweza kumpa Iddy mwenyewe, kwa mkono wangu, saa ninayoitaka mimi.

Nikaanza. Ree ya pau. Turufu raundi mbili, shupaza zao zikaisha. Ree ya kopa, mfalme wa kopa, kisha kopa ya tatu ya mezani nikaikata kwa shupaza yangu. Mwalimu akaniuliza mbona naharibu turufu, nikamwambia ngoja. Hapo si mimi wala Fundi mwenye kopa. Mfalme wa pau. Halafu ile pau ya tatu, na hapo si mimi wala Fundi mwenye pau.

Iddy akaila kwa ghulamu. Aliipiga mkekani mpaka chai ikamwagika. Akasema, "Moja!" akinyoosha kidole, anangoja ya pili.

Kutoka chumbani Mama akauliza, "Ghulamu katoka?" Ni maneno yake mawili ya kwanza tangu asubuhi. Nikamwambia katoka, Mama. Tukamsikia anacheka.

Maana anayekula ndiye anayeanza raundi inayofuata, na Iddy akazitazama zake. Alikuwa amebaki na karata tano, uru tatu, kopa moja, pau moja. Akitoa uru, anamlisha bibi wangu na ree yangu kwa mpigo. Akitoa kopa, naikata kwa turufu ya mezani huku mkononi nikimtupa bibi wa uru, na hofu imekwisha. Akitoa pau, ni vivyo hivyo. Alikuwa na njia tatu na zote zinakuja kwangu. Akazipanga, akazipangua, akavuta moja, akairudisha.

Kisha akazilaza kifudifudi. Akasema, bila kunitazama, "Dada, hata ukila zote kumi na tatu. Mimi si mwenye kukuoza. Mwenye kukuoza ni kaka yako wa tumbo moja, na kaka kaniambia tangu mwezi wa kumi na moja nisithubutu. Kasema ukiolewa, nani atamgeuza Mama."

Kaka Abdulrazaq.

Nilikuwa nimehesabu karata hamsini na mbili. Nilijua kila moja iko kwa nani. Sikujua kwamba kuna mtu wa tano anacheza. Miaka yote nimekuhesabu wewe msafiri wangu, umelaza karata zako wazi, huna unachoficha, nacheza kwa niaba yako kwa moyo mmoja. Kumbe mfalme alikuwa kwako. Nilikutumia ujumbe mara tisa nikikuomba umwambie Iddy akubali, na kila mara ulisoma, ukajua, ukanyamaza. Iliniuma. Bado inaniuma ninapoandika, na kama wino umechafuka hapa Siti akuambie.

Kitu cha kwanza kusikika barazani kilikuwa sauti ya Mama. Neno moja, kubwa, sijui alilitoa wapi. "Kadhi!"

Mwalimu Deusdedit, ambaye si wa dini yetu na masikini hakuelewa lolote, akasema kwa upole kwamba karata iliyo mkononi bado inatakiwa ichezwe. Iddy akatupa pau. Nikaikata kwa turufu ya mezani, bibi wangu wa uru akaenda zake, na zilizobaki zote zikawa zangu. Kumi na mbili. Ndipo Bwanaheri, kwa kuwa mchezo umekwisha na msafiri ameruhusiwa kusema, akafungua mdomo akamjibu Iddy swali lake. Akasema, "Tutamgeuza wawili."

Na si maneno, kaka. Nyumba yake iko kule juu karibu na mashine, ambako maji hayakufika hata mwaka jana. Ameshajenga chumba cha Mama, mlango mpana wa kupita kiti cha magurudumu, sakafu haina kizingiti. Alianza kukijenga kabla hajaleta posa. Nilikwenda kukiona nikakuta ameweka na banda la kuku chini ya dirisha lake.

Jumatatu maji yalipopungua nilikwenda kwa Sheikh Saidy, akanipeleka kwa kadhi. Walinisikiliza vizuri. Kumbe Iddy hakuwa na mamlaka hata siku moja, si ya kunioza wala ya kunizuia, na miezi tisa nimegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Walii wangu ni wewe. Nikamuuliza kadhi maswali matatu, mikono ikiwa magotini, akanijibu yote matatu, na majibu nakuandikia hapa ili tuwe sawa.

Ukikubali, unakuja mwenyewe, au unamfanya Sheikh Saidy wakili wako kwa maneno yako, nami naolewa. Ukikataa, utaje sababu ya sheria, si sababu ya kumgeuza Mama. Bwanaheri anaswali, hanywi, ana kazi yake, hana mke. Ukikosa sababu, kadhi ataniozesha kwa kuwa walii amezuia bila haki. Na ukinyamaza kama ulivyonyamaza kwenye simu, kadhi ataniozesha kwa kuwa walii yuko mbali na hajibu, na Shamsia na Siti watakuwa mashahidi kwamba barua imefika na imesomwa mpaka mwisho. Ndoa ni Ijumaa ya tarehe 20 Juni, Idi ikishapita, baada ya swala.

Umeona nilivyokufanya, kaka. Baba angekuona angecheka mpaka kofia idondoke.

Lakini sasa nikuambie la moyoni, maana hasira imeniishia karibu yote. Iddy siku ile, alipoona hana pa kwenda na mvua haijakatika, nilimwita chumbani nikamwambia ashike miguu ya Mama. Miaka sita hakuwahi kuishika. Akaishika. Mama akamtazama, na Iddy akatoka nje akasimama mvuani muda. Sikumfuata. Tangu siku hiyo amepiga simu kila jioni kuuliza kama Mama amegeuzwa. Kwa hiyo najua kwamba hukukataa kwa ubaya. Ulikuwa na hofu, kwa kuwa uko mbali na huwezi kushika miguu ya mtu kutoka Maskati, na mimi nilikuwa ndiyo mikono yako. Nakuelewa. Ila mikono hii ina mwenyewe, kaka, na mwenyewe amechoka kulala peke yake.

Siku ya kuniozesha mimi, Baba alikaa mkekani, akamshika mkwewe mkono, nami nilichungulia dirishani. Tangu hapo nilijua mkono wa kuniozesha mara ya pili, kama itakuwepo, utakuwa wako, kwa kuwa wa Baba ulishamaliza kazi yake kwa Kondo.

Iddy anakusalimu, ana aibu kidogo. Mwalimu Deusdedit anakusalimu, anasema angependa siku moja acheze na huyo msafiri anayemsikia kila siku. Jirani Sikujua anakusalimu, anauliza bado unapenda mihogo ya nazi. Nisalimie sana wifi, mwambie halua aliyotuma ilifika na Mama aliimaliza peke yake. Bwanaheri hakusema nikusalimu, alisema hana haki hiyo bado. Nimwambie nini?

Mama nilimwuliza ana neno gani kwako. Alifikiri sana. Akasema, "Aje."

Mwenyezi Mungu akuponye jicho, akulinde njiani, na akufikishe penye heri.

Kadhi atamshika Fundi mkono vizuri tu, na ndoa itakuwa halali. Nimehesabu, siwezi kuanguka. Lakini mimi nautaka mkono wako.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikikasirika,
Swaumu